Bi Rukaya Hana Nuksi: Jiko Zima Linashuhudia

Ijumaa hii, tarehe 31 Januari 2020, Bi Rukaya Mbarouk anavua kofia ya wavu na kustaafu, baada ya miaka ishirini na mmoja katika jiko letu la chakula cha abiria wa ndege hapa Irving, Texas. Jumapili anasafiri kwenda Maskati kuishi kwa kaka yake, Bwana Khelef. Chumba chake kiko tayari, ila kaka ameweka sharti: siku Oman ikicheza mpira, Bi Rukaya akae jikoni, asisogelee runinga. Kwa hiyo mimi, Apolonia, niliyeombwa kuandika wasifu, nitaandika wasifu na utetezi kwa pamoja.

Tuanze na kazi. Bi Rukaya aliingia kama muosha masinia, akapanda hadi kusimamia meza ya vyakula vya abiria Waislamu. Mzaliwa huyu wa Wete hakuwahi kumwona abiria hata mmoja akila chakula chake, lakini aligombana nao kila siku. Utamsikia anafunika sinia huku anamsema mtu asiyemjua, eti huyu ataacha bilingani, na akiacha shauri yake. Mwenzetu Mado alikuja kutoka Uvira akisema wali ni wali tu. Leo wali usio na iliki haumpiti kooni, na lawama zote anamtupia Bi Rukaya.

Sasa kesi yenyewe. Nusu ya ukoo wake uko Oman, na Kombe la Ghuba, lile wanaloshindania Waarabu wa huko, kwake ni sikukuu. Desemba 2017 lilichezwa Kuwait. Mechi ya kwanza aliitazama chumba cha chai, Oman ikafungwa na Emirates. Ya pili ilimpita kwa sababu ya kazi, Oman ikashinda. Ya tatu kaka alipiga simu mapema kumwomba asitazame, na Oman ikashinda tena. Basi, yakawa mambo! Bwana Khelef akautangazia ukoo kwamba nuksi imeshajulikana ilipo, iko Texas. Siku ya nusu fainali Bi Rukaya aliingia chumba cha baridi kwa miguu yake mwenyewe, akakaa na mitindi na matikiti mpaka Oman ikafuzu.

Fainali ilikuwa asubuhi ya Ijumaa, na wapinzani walikuwa Emirates walewale. Gichuki, msimamizi wetu wa zamu, mtu wa Nyeri asiyejua Oman iko upande gani wa dunia, alisema kazi ikiisha yeye hana shida. Tukaegemeza tablet ya Mado kwenye chupa ya chai. Gichuki mwenyewe ndiye aliyemfungulia Bi Rukaya mlango wa chumba cha baridi, kwa heshima zote, kama anayemfungulia bibi harusi gari.

Wazimu ukatuingia sisi. Wilondja, mzee wa kanisa ambaye hata harusini hachezi, alikuwa anapiga meza kila Emirates wakishika mpira. Dakika za mwisho wakapata penalti, kipa wa Oman akaiokoa, tukapiga kelele hadi Bi Rukaya akagonga mlango kutoka ndani akitaka habari.

"Bakia mule, mama, tuko tunashinda!" Wilondja akamjibu. Ilikuwa sufuri kwa sufuri.

Ikaja mikwaju ya penalti. Sote tulikuwa tumeupa mlango mgongo. Mimi nikahisi ubaridi shingoni, nikageuka, na nani yuko nyuma yetu? Bi Rukaya, katika koti lililomfika magotini, kiganja usoni. Lakini vidole vilikuwa wazi, jamani, na jicho lilikuwa kwenye mpira. Alisimama hapo hadi Oman ikabeba kombe.

Alimpigia kaka yake akilia kwa furaha, kwamba ameona mwenyewe na nuksi imekwisha. Bwana Khelef hakusadiki. Ukoo mzima ulikuwa umeshakishukuru chumba cha baridi, na hakuna aliyetaka kusikia jingine. Mwaka jana, Oman walipokwenda Qatar kulitetea kombe, Bi Rukaya aliamua kuitazama mechi ya Saudia waziwazi, ili aaminike. Oman wakapigwa tatu kwa moja, wakatoka. Hiyo tunaomba isihesabiwe. Hakuitazama peke yake, nasi tulikuwepo.

Utani kando, hili linamuuma. Wiki iliyopita alimwambia Mado, "Mwanangu, mpira naweza kuuacha. Lakini tumebaki wawili, mimi na kaka yangu, na mimi nakwenda kule nikae naye."

Bwana Khelef, tunajua unasikiliza haya kwenye simu. Jiko zima linashuhudia kwamba dada yako aliitazama Oman ikichukua kombe. Wilondja yuko tayari kushika Biblia, na Gichuki anathibitisha kwamba mlango ule hufunguka kutoka ndani.

Bi Rukaya, ahsante kwa mkono wako na kwa ukali wako. Mungu akupe afya na siku nyingi za kukaa bila kusimama kwa ajili ya mtu. Nawe Bwana Khelef, mkalishe karibu nawe. Oman ikifungwa na moyo ukakushinda, usimpeleke jikoni. Mrudishe kwetu, tutampokea siku hiyohiyo.