Salesio Mbae wa Santuri za Visima, 1927–1988

Marehemu Salesio Mbae alizaliwa Kibirichia tarehe 14 Machi 1927, kitinda mimba wa wazazi waliolima viazi na njegere. Ndugu zake wote walimtangulia, na ndiyo sababu wasifu huu umeandikwa na binamu.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1937 hadi 1940, akaishia darasa la nne. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe. Mwaka 1949, akiwa kibarua katika karakana moja hapa Isiolo, aliokota redio iliyotupwa na wanajeshi, akaifungua na kuiunganisha mara nyingi mpaka siku moja ikasema. Siku hizi watu wana vyeti vya kujaza sanduku, lakini redio ikinyamaza wananunua nyingine.

Tarehe 7 Januari 1956 alimwoa Gaceri kanisani. Walijaliwa mtoto mmoja, Florence. Gaceri ndiye aliyemhimiza kufungua duka la kutengeneza redio, mwaka 1965, kando ya njia ya soko la mifugo. "Hizo waya zako zitoke kwa meza ya chakula," alimwambia, "ama uanze kuzila."

Mwaka 1972 alianzisha Santuri za Visima, kampuni yake ndogo ya kurekodi nyimbo. Chapa yake ilikuwa picha ya ndoo ya ngozi. Alirekodi kwa mashine ya tepu ya betri, kisha akapanda basi hadi Nairobi, tepu ikiwa mapajani kama mtoto mgonjwa, akarudi na santuri zilizochapwa. Ewoi, aliyekuwa bawabu wa ghala, alimpigia gitaa alilolitengeneza kwa debe. Kabale alimwimbia nyimbo za harusi za Waborana akiwa nyuma ya pazia, kwa kuwa hakutaka kutazamwa mdomo. Kwa miaka kumi na miwili zilitoka santuri kumi na tisa. Mtu alikuwa akipita dukani, akasikia lugha ya mama yake kwenye spika, akasimama juani mpaka wimbo ukaisha. Leo nani husimama?

Santuri iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Wario na wenzake wa Garbatulla. Walikuwa wanaume kumi na mmoja, waliosimama kisimani mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo kutoka chini hadi juu kwa wimbo. Ng'ombe waliusikia wakiwa mbali wakajua maji yako tayari. Salesio aliwaleta dukani mwaka 1973 ili awarekodi. Waliitazama mashine, wakatazamana, sauti haikutoka.

"Mnaona haya?" Salesio aliuliza.

"Mikono iko tupu," Wario alimjibu. "Bila ndoo, wimbo itatoka wapi?"

"Basi niwaletee ndoo."

"Leta na kisima pia, wewe Mmeru."

Hakuweza kuleta kisima, kwa hiyo alikwenda Garbatulla mwenyewe. Walimfunga kamba kiunoni wakamshusha hadi katikati, mashine ikiwa kifuani. Katika santuri ile kuna mahali Wario anacheka katikati ya wimbo. Hapo ndipo Salesio alipomwagikiwa na ndoo nzima. Alirudi nyumbani na tope mpaka masikioni, na Gaceri akamnawisha uani kabla ya kumruhusu kuingia.

Gaceri alifariki tarehe 2 Oktoba 1979. Florence alikuwa ameolewa mbali. Tangu hapo marehemu alikula dukani peke yake, chakula kikipoa kati ya redio zilizofunguliwa. Kaseti nazo ziliingia mjini. Mtu mmoja alinunua wimbo, mtaa mzima ukaunakili. Waliokuwa wakisimama kusikiliza walianza kupita wakitazama mbele.

Kisha ukaja ukame wa 1984. Adhuhuri moja ya Agosti, marehemu alisikia kwamba Wario anakaribia mji na ng'ombe wake wa mwisho, anawapeleka sokoni. Ili kumkaribisha, aliweka santuri ya kisima na kugeuza spika barabarani. Ng'ombe waliposikia wimbo waliacha njia. Walikuja mbio, kwa mbio zozote zilizokuwa zimebaki mifupani mwao, wakaizunguka spika na kuanza kuramba ukuta. Wario alifika nyuma yao na fimbo yake, akasimama.

"Zima, Salesio," alisema. "Wanafikiri ni mimi."

Alizima. Alitoa maji yote ya pipa lake, yakawatosha ng'ombe wawili. Waliobaki hawakutaka kuondoka ukutani, na Wario aliwasukuma mmoja mmoja kuelekea sokoni. Marehemu hakuiweka tena santuri ile kwenye gramofoni, wala hakurekodi nyingine. "Nilichukua wimbo, nikaacha maji," alimwambia Florence. Miaka miwili baadaye kisima kile cha Garbatulla kilifungiwa injini ya kuvuta maji. Injini haihitaji kuimbiwa.

Alianza kuugua kifua Novemba 1987. Mwezi Mei Florence alirudi kumuuguza, akamuuliza, "Baba, siku hiyo tukuwekee ile ya kisima?"

"Hapana," alisema. "Wario akija na watu, waimbe. Akija peke yake, mnyamaze."

Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 9 Juni 1988, saa nne asubuhi, bintiye akiwa amemshika mkono.

Ameacha binti, Florence, mjukuu, Mukami, na rafiki, Wario. Habari za msiba zilipomfikia, Wario alizunguka siku tano akiwatafuta wenzake, kutoka Garbatulla hadi Kinna. Watano walikuwa wameshafariki. Watano walikuwa Nairobi, wakilinda milango ya watu, na hawakupewa ruhusa. Wario alifika Isiolo juzi. Alikuja na ndoo ya ngozi, akaiweka mlangoni mwa duka, akaketi kando yake.

Yuko peke yake. Basi leo, jeneza likishushwa, tunaombwa tusimame kimya, jinsi marehemu alivyotaka.

Mungu amlaze mahali pema, palipo na maji.