Cheti cha Siwema Kilichoandikwa Lea

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Kituo, walimu wetu, wazazi na walezi mliotoka Kilosa, Dumila na hapa hapa Mikumi, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wahitimu wenzangu. Wakubwa zangu wote, shikamooni.

Naitwa Magreth Beda, wa Chanzuru. Wenzangu walinichagua niwasemee, ingawa mwaka mzima nimekaa dawati la nyuma, na wengine leo ndiyo wanasikia sauti yangu kwa mara ya kwanza. Walisema nishukuru, na nitashukuru. Lakini kwanza nimeombwa nimsemee mwenzetu mmoja aliyefanya mtihani pamoja nasi, akafariki kwa homa kabla matokeo hayajatoka. Matokeo yalipotoka, yeye ndiye alikuwa wa kwanza.

Kwa wageni wetu nieleze kidogo. Kituo hiki kina kompyuta za aina mbili. Za Windows zilitoka ofisi ya shamba la mkonge lilipouzwa kwa mwekezaji; za Linux zililetwa na wafadhili. Kila upande humtambua mtu kwa namba uliyompa wenyewe, na namba ya huku haina maana kule. Mtu akihama upande bila kuoanishwa, seva, ile kompyuta kuu inayotunza kazi zetu, humwona mgeni asiye na jina wala kundi, na kazi aliyoiandika jana kwa mikono yake anaambiwa hana ruhusa ya kuifungua. Kwa hiyo Mwalimu Ditram alituoanisha mmoja mmoja, akiiambia seva: huyu wa huku ndiye yule wa kule, na kundi lake ni la wanafunzi.

Kwa wengi wetu ilikuwa kazi nyepesi, maana jina lilikuwa moja pande zote. Kwa mwenzetu haikuwa hivyo. Upande wa Windows aliandikishwa na ofisi, kwa kufuata vyeti vyake vya shule, akawa Lea Gabrieli. Upande wa Linux tulijiandikisha wenyewe, naye akaandika Siwema Hussein.

Wenzangu, mnakumbuka tulivyokuwa tunacheka? Kila akikwama, Bonifas alimwambia, "Siwema, kampigie Lea magoti akufungulie."

Naye anajibu, "Lea nimemzoea. Mchoyo tangu sekondari."

Mwalimu alipoona majina mawili yamekaa kwenye kiti kimoja, alimwita mbele. "Binti, hawa wawili ni nani wako?"

"Wote ni mimi, mwalimu."

"Sasa nimfute yupi?"

Akasema, "Usimfute mtu, mwalimu. Lea ndiye aliyenisomesha."

Wazazi, ninyi mnaelewa. Siwema alimaliza darasa la saba hakuchaguliwa, na kurudia hairuhusiwi. Lea Gabrieli, jirani yetu kijijini Chanzuru, alikuwa ameacha shule kabla ya mtihani huo akaenda Dumila kwa shangazi yake kuuza chakula stendi, na jina lake likabaki shuleni. Siwema akarudia darasa la saba kwa jina hilo, akafaulu, akasoma hadi kidato cha nne. Mtoto wa Kiislamu, kipindi cha dini alipangwa na Wakristo kwa sababu ya jina. Alirudi nyumbani akiimba mapambio, na mama yake Teresia, aliyesilimu alipoolewa, akimngoja waswali. Najua lilikuwa kosa. Lakini ni wangapi katika ukumbi huu wanaitikia jina ambalo mama zao hawakuwapa? Siwaombi mnyooshe mikono.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, siku ya mazishi darasa letu lilitoka Mikumi kwa gari la kituo, pamoja na Mwalimu Editha. Walifika Chanzuru wakauliza msiba wa Lea, jina la ofisi, maana Siwema walilidhani la utani wa kompyuta tu. Mjomba wa marehemu aliwapokea vizuri. Wakamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akawaambia, "Hapa hatuna Lea, wanangu. Sisi tumempoteza binti mwingine. Jaribuni kule mbele karibu na kanisa, labda ni Wakristo wenzenu." Mimi nilikuwa ndani na kina mama, sikujua kama wamefika. Wakazunguka kijiji kizima wakiwa na rambirambi mkononi. Waliporudi, kaburi lilikuwa limeshamwagiwa maji na watu wanatawanyika. Wenzangu hawakumzika rafiki yao, na walikuwa wamesimama mlangoni kwake.

Ndiyo maana naogopa saa inayokuja. Baada yangu vyeti vitatolewa, na cha kwanza kimeandikwa Lea Gabrieli. Mkuu wa Kituo ametueleza kwa upole kwamba cheti kinafuata karatasi za shule na hakibadilishwi. Tumemwelewa. Mama yake Siwema amekaa mstari wa pili, amevaa kanga ya bluu. Juzi nilikwenda kumwambia kuwa likiitwa jina la Lea, asimame akapokee. Akaniuliza, "Magreth, nikisimama kwa jina hilo, nitakuwa nimemzika nani?" Lakini aliniruhusu nizungumze haya mbele yenu.

Lea mwenyewe yupo. Amepanda basi alfajiri kutoka Dumila, na mtoto mgongoni. Asubuhi ameniambia, "Kama wakikataa kumtaja Siwema, nitasimama mimi. Jina ni langu, hawawezi kuninyima. Nikishakipokea nampelekea mama." Nimemshukuru sana dada Lea. Hata hivyo sipendi iwe hivyo, maana mama atakuwa amepokea kazi ya mwanawe mkononi mwa mtu mwingine, kama zawadi.

Kwa hiyo tunaomba jambo dogo. Hatuombi jina lifutwe, wala karatasi iguswe. Tunaomba tu msomaji, akishasoma Lea Gabrieli, aongeze kwa sauti: ndiye Siwema, binti wa Hussein na Teresia wa Chanzuru. Kisha angoje. Mama haoni vizuri na anatembea polepole. Tafadhali msiite jina la pili mpaka awe amefika mbele.

Tunawashukuru walimu wetu, hasa Mwalimu Ditram, tunawashukuru wazazi kwa ada na uvumilivu, na mimi nawashukuru nyote kwa kunisikiliza mpaka mwisho.