Dakika Ishirini za Mkuu

Sogeeni, wanangu, bananeni hapo. Anayetafuna ameze kwanza, maana hili silisemi mara mbili. Nilikuwa nauza kahawa mkabala na ofisi ya maji, na benchi langu lilikuwa na wenyewe wawili: Nukta, fundi saa, na Faili, karani mstaafu wa ofisi hiyo hiyo. Asubuhi moja akaja mjukuu wangu, karani mpya humo ndani, macho mekundu. Mashine ya mlangoni ilikuwa imemwandika mchelewaji mara ya tatu, na saa nane mchana alikuwa anaitwa kikaoni kufukuzwa.

— Bibi, simu yangu ilisema saa mbili kasoro dakika kumi. Mashine ikasema saa mbili na kumi!

— Na kompyuta za wenzako? nikamuuliza.

— Zote sawa na mashine. Zinachukua saa kwa ile kompyuta kubwa ya stoo.

Nukta akapuliza kahawa kama daktari bingwa.

— Ni nyaya, mjukuu wangu. Saa inapita kwenye waya. Waya ukipinda kona, saa inajikwaa.

— Ikijikwaa si ingechelewa? Hii imetangulia!

— Imejikwaa kwa mbele.

Faili akacheka mpaka akajimwagia kahawa shatini.

— Fundi wa kukaza mikanda huyu! Sikilizeni mtu wa ofisi. Mashine zile zinakaa pamoja usiku kucha, zinaambizana. Moja ikidanganya, zote zinaitikia, kama wajumbe wa kikao.

— Kwa hiyo zina umbea?

— Tena wa kuajiriwa! Na umeme wa mchana una haraka kuliko wa usiku. Mimi nimefanya kazi mle miaka thelathini.

— Ndiyo maana maji hayatoki, Nukta akasema.

Mama mmoja mjamzito, aliyeomba kupumzisha miguu, akauliza taratibu:

— Samahani, wazee wangu. Hiyo kompyuta kubwa, yenyewe inauliza saa kwa nani?

Mabingwa wakatazama vikombe.

— Katibu ndiye huiwekea kila Jumatatu, kwa kutazama saa ya ukutani ofisini kwa mkuu, mjukuu wangu akasema.

Faili akakohoa.

— Ile ya mbao?

— Ndiyo, babu.

— Ile… niliisogeza mimi. Dakika ishirini mbele, mkuu asichelewe vikao. Mwenyewe hajui mpaka leo.

— Tangu lini?

— Mwaka wa tisa huu.

— Babu Faili, inuka!

Saa nane Faili akaingia kikaoni, kofia mkononi, akayasema hayo hayo mbele ya mkuu. Mjukuu wangu akabaki na kazi, akarithi na ufunguo wa stoo. Siku hizi kompyuta kubwa inauliza saa mtandaoni. Nukta alirithi saa ya mbao, anaitengeneza mpaka leo. Faili alirithi kahawa yangu isiyo na sukari. Na mkuu, maskini, alirithi kuchelewa.