Jiko la Mama Yenu Lisiguswe

Sogeeni karibu, wanangu, niwekeeni mto huu vizuri mgongoni, maana maneno ninayo mengi na pumzi ndiyo inayonifanyia ubahili. Wewe mkubwa kaa hapa nikuone, na wewe kitinda mimba futa machozi kwanza, sijaondoka bado.

Jana mlidhani nimelala. Nilisikia futi ya chuma ikivutwa jikoni na kurudi ndani ya kasha lake, mlio nilioishi nao maisha yangu yote, nikajua mkurugenzi mpya wa makumbusho amekuja kupima. Analitaka jiko zima, toka makabati hadi birika, akalipange nyuma ya kioo liitwe kazi ya marehemu. Na wewe mkubwa unataka nyumba iuzwe, mama yenu akakae kwako ghorofani. Najua hamna nia mbaya. Lakini sikilizeni jiko hilo lilivyojengwa.

Nilipoanza kiwandani kubuni vyombo vya nyumbani, nilikuwa kijana wa kujiona, nachora vitu vya kupendeza karatasini tu. Mama yenu ndiye aliyenitia adabu. Kila chombo nilikichonga kwanza kwa mbao, nikaja nacho jioni, naye akafumba macho nikamwekea mezani. Mkono wake ukifika mpinini bila kupapasa, kinakwenda kiwandani. Ukipapasa, narudi kuchonga. Birika langu la kwanza alilishika akacheka mpaka akaketi. "Hili umemtengenezea mwanamke gani? Mkono huu mimi sina!" Ah, kicheko kile! Natamani nisimame tena pale, vumbi la mbao limenijaa nyusini kama mwehu, nichekwe upya.

Kiwanda kilipofungwa wakanipa makumbusho niyaongoze, watu wakanisengenya kwamba mchonga mipini kakabidhiwa hazina ya mababu. Nikajaza vyumba pasi, redio na taa za mafuta, nikang'oa vibao vya kukataza kugusa, na nikawaona watu wazima wakishika mpini wa pasi na kuusukuma kama wanaonyoosha nguo, wamewakumbuka mama zao. Niliipenda mno kazi ile. Ndiyo maana najua kinachofaa kupelekwa kule: ni kile ambacho mwenyewe hakihitaji tena.

Mama yenu bado analihitaji jiko lake. Macho yamemwisha, mnajua, lakini humu ndani hamjamwona akipapasa, kwa sababu kila kitasa na kila rafu vilifuata mkono wake akiwa amefumba macho, miaka yote ile sisi tukidhani tunacheza. Kwako ghorofani, mwanangu, ndipo atakapokuwa kipofu.

Basi shikeni haya. Mifano ya mbao iliyoko chumba cha nyuma mpeni mkurugenzi yote, na jina la mama yenu litangulie langu. Nyumba isiuzwe akiwa hai. Kitinda mimba, hamia humu ukae naye, ila kijiko ukikitoa mahali pake kirudishe papo hapo. Mkubwa, usinune... nipe mkono wako. Mungu awakunjulie riziki, awape wenza wa kuwacheka kama nilivyochekwa mimi, na msikosane... kwa ajili yangu.

Ngojeni. Namsikia anakuja na chai. Msimshike mkono... Tokeni hapo mlangoni, wanangu... mwacheni apite.