Mwalimu Abner Anyona, Mchoraji wa Moke na Diwani

Wachungaji, wazee wetu, wakwe zetu kutoka Birongo, na nyinyi mliosimama karibu na sufuria mkijifanya mnatafuta kivuli, karibuni nyote msikie maisha ya mpendwa wetu, na tafadhali ketini wima, kwa sababu Mwalimu hakuwahi kumvumilia mtu anayesikiliza huku ameegemea.

Mwalimu Abner Anyona Ogoti alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Manga, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Ogoti na marehemu mama Edinah, akasoma shule ya msingi pale pale kilimani kuanzia 1965 hadi 1971, ambako alichapwa kwa kumchora mwalimu mkuu kwenye ukuta wa choo, na kilichomponza ni kwamba shule nzima ilimtambua mwenye sura. Baada ya sekondari na chuo cha ualimu, alianza kufundisha Nyakoe Januari 1979, akastaafu mwaka 2017. Tarehe 12 Desemba 1984 alifunga ndoa na Eucabeth wa Birongo, huyu mama yetu aliyeketi hapa mbele, wakabarikiwa watoto wawili, Eric mwaka 1986 na Nyanchera mwaka 1990.

Sasa tunafika kwa yule mtoto mwingine. Jumatatu tarehe 6 Aprili 1987, gazeti moja la Nairobi lilianza kuchapa katuni zake za Moke, mvulana wa miaka minane mwenye sweta lililotoboka kiwiko, pamoja na mbwa wake Diwani, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alionekana wakati wa chakula tu, na Mwalimu, aliyedhani atachora miezi sita anunue ng'ombe, akawa ameingia mahali pasipo na mlango wa kutokea. Mwaka 1995 alijaribu kumpandisha Moke darasa la nne, mhariri akapiga simu ofisini shuleni akasema, "Mwalimu, mrudishe mtoto, watu wanamtaka akiwa mdogo," akamrudisha, na hivyo Moke akarudia darasa la tatu miaka thelathini na minane bila mzazi kuitwa shuleni. Hata jina la Baba Eric, ambalo lilikuwa haki yake kwa mtoto wake wa kwanza, lilimpotea, kwani sokoni, kanisani na hata kliniki aliitwa Baba Moke, mpaka Eric, akiwa bado mdogo, akauliza mezani, "Baba, kwani Moke ndiye wa kwanza?" Mwalimu akainuka akaenda kukama ng'ombe aliyekwisha kukamwa.

Jumanne tarehe 9 Machi 2004 aliamua kujinasua mwenyewe, akachora Diwani ameumwa na nyoka, amekufa, akijua mbwa akiondoka hadithi itaisha. Siku ya pili akina mama kumi na mmoja wa kanisa walipanda kilima na sukari, ndizi na unga, wakiimba, wakaketi uani, na kiongozi wao, mama Nyasani, akamshika mkono akamwambia, "Baba Moke, pole sana, na mtoto sasa atalala na nani?" Mwalimu akamvuta mkewe jikoni, akamnong'oneza, "Waambie ni mchoro." Mama Eucabeth akamjibu, "Nimewaambia. Wameniuliza mchoro unazikwa lini." Wiki iliyofuata Diwani akaamka, ikasemekana alikuwa amezimia tu, na Mwalimu hakujaribu tena, ila alimwambia mkewe, "Mimi nimefungwa na mtoto nisiyemzaa."

Tarehe 2 Februari 2022 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala, na Nyanchera, aliyekuwa fundi wa nguo mwenye duka lake Nyakoe, akafunga duka akarudi nyumbani kumchorea baba, kimya kimya, vizuri hata wasomaji wasijue. Miaka mitatu ikapita hivyo, naye Mwalimu, kitandani, akawa anamtazama binti yake akiinama juu ya karatasi zile zile. Aprili mwaka huu wageni wawili wa gazeti, walioambiwa siri hiyo na Mwalimu mwenyewe, walileta fomu ya kumfunga Nyanchera kwa Moke miaka kumi mingine, na binti akiwa tayari ameshika kalamu, Mwalimu akaichukua fomu kwa mkono wa kushoto, akaikalia. Chai ikapoa, mgeni mmoja akasema, "Mzee, tunaomba ile karatasi," naye akajibu, "Nimeketi." Walipoondoka alimgeukia binti yake akasema, "Wewe nenda ukashone."

Alituacha Alhamisi tarehe 15 Mei 2025, katika hospitali moja mjini Kisii, akiwa na miaka sitini na minane.

Wageni wetu wa gazeti, tumewaona, tumeiona na bahasha mliyoitia fomu nyingine, karibuni mle mshibe, jina la Moke ni lenu na mkono mwingine mtautafuta, lakini Nyanchera alifungua duka lake Jumatatu na hatatia sahihi, leo wala kesho, na familia inaomba mtu yeyote asimwulize.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliobeba maji na kuni, walimu wenzake wa Nyakoe, na akina mama wa kanisa, ambao safari hii mmekuja kwa msiba wa kweli.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, kesho hakuna picha ya kupeleka.