Bomba Ndani ya Bomba

Saa mbili asubuhi pantoni iling'oa nanga Pangani ikiwa na lori moja la mabomba. Tausi, aliyekuwa akipeleka mayai Mwera, alisimama kando yake akasikia yote.

“Fundi Zabron, haya yasifungwe,” alisema Asmahani, mhandisi wa kiwanda yalikotengenezwa. “Kila moja ni bomba ndani ya bomba, na la ndani ndilo lisiloshika kutu. Tunalitanua kwa presha ya maji mpaka liligandamize la nje, kisha presha ikiondolewa yote mawili hunywea. La nje lazima linywee zaidi, ndipo limkabe mwenzake. Safari hii chuma cha ndani ni kigumu kuliko nilichokipigia hesabu kwenye kompyuta. Kimenywea mno.”

Zabron akaligonga bomba kwa nyundo. Likatoa sauti moja, safi.

“Umesikia, binti? Yameshikana. Au kompyuta yako haina masikio?”

“Yamegusana, hayajakabana. Maji ya moto yakipita, la ndani litakunjamana lipasuke, na chini yake mnaweka watu wafanye kazi.”

“Bosi anayasubiri.”

“Basi akakae chini yake yeye.”

Tausi akasogeza mayai mbali na lori.

Pantoni ikagota ng'ambo, Bweni, mlango ukashuka. Zabron akapanda lorini, dereva akawasha injini. Asmahani akaenda kusimama mbele ya lori.