Aliyekosea Ashike Jagi

Ndugu zetu, majirani, walimu, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia imeniomba mimi, mtoto wa dada wa marehemu mama mdogo, niliyelelewa naye tangu nikiwa na miaka minne, niwasomee maisha yake tangu kuzaliwa hadi siku alipotuacha. Aliyepaswa kusimama hapa ni kaka, mwanawe wa kumzaa, lakini jana alijaribu kuisoma karatasi hii mara tatu na mara zote hakuvuka mstari wa pili, kwa hiyo mkiona nami nimekwama, nivumilieni kidogo, nitaendelea. Pale mbele mnamwona binti yangu wa miaka sita, amekumbatia glasi yenye mche wa haragwe, na wapo waliomwambia aiweke chini akakataa, naomba mumwache nayo, nikifika mwisho mtaelewa.

Mama mdogo alizaliwa Jumanne, tarehe 12 Novemba 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kitindamimba katika watoto watano wa baba mwashi na mama aliyekuwa akiwafulia watu nguo. Aliingia darasa la kwanza Januari 1965 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara, akamaliza darasa la saba mwaka 1971, na hakuendelea zaidi ya hapo, kwa sababu mama yao aliugua kiharusi mwaka huohuo na yeye ndiye aliyekuwa amebaki nyumbani, akamwogesha, akamlisha na kumgeuza kitandani kwa miaka mitatu, na katika kusimulia kwake hatukuwahi kumsikia akiilalamikia miaka ile hata mara moja.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa kuwa msafishaji wa maabara katika shule ya sekondari ya wasichana, kazi yake ikiwa kuosha vyombo vya kioo na kupiga deki baada ya vipindi. Wiki ya kwanza tu alivunja chupa kubwa ya kupimia, akasimama katikati ya vigae akingoja kufukuzwa, lakini mwalimu wa sayansi, mzee mmoja mpole mwenye suruali iliyotobolewa na dawa, alimtazama, akafungua kabati, akatoa chupa nyingine kama ile, akampa na kumwambia, "Shika hii, uendelee." Jambo hilo alitusimulia labda mara mia, na kila mara alipofika hapo sauti yake ilipungua. Kwa miaka kumi na moja aliosha vyombo huku akisikiliza, na alichokiona maabara mchana alikijaribu jioni jikoni kwake kwa vitu vya nyumbani, chumvi, siki, sabuni, mshumaa na glasi za chai.

Tarehe 20 Agosti 1977, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuwa na kibanda mkabala na geti la shule, baba yetu mdogo, ambaye wengi mnamkumbuka kwa futi yake shingoni na maneno yake ya mzaha. Katika zawadi za harusi wifi yake alimpa jagi la bati la kijani, ambalo watoto wa mtaa huu hamhitaji kuelezwa. Baba mdogo hakuwahi kunywa chochote nyumbani kwake bila kunusa kwanza, kwani siku moja alirudi na kiu akagugumia glasi ya siki iliyokuwa na yai ndani, na tangu hapo kila akiingia alipiga hodi na kuuliza, "Mke wangu, ipi ya kunywa na ipi ya kusoma?" Walijaliwa mtoto mmoja, kaka yetu, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1979, na mwaka 1998 mama yangu mzazi alipofariki, walikuja wote wawili kunichukua, baba mdogo akiwa amenishonea gauni kwa kukisia kimo, lilikuwa refu mno, nikalivaa mpaka nikalifikia. Baba mdogo alitangulia tarehe 6 Machi 2011.

Mwaka 1986 mama mdogo alihamia katika chekechea ya mtaa, hapo mwanzo kama mfanya usafi na mlezi wa watoto wakati wa usingizi wa mchana, lakini mwalimu wa darasa akaenda likizo ya uzazi, yeye akaombwa ashikilie kwa wiki moja, na wiki hiyo ilikwisha mwaka 2017 alipostaafu. Mliosoma pale mnakumbuka meza ndefu karibu na dirisha, punje za haragwe kwenye pamba iliyoloweshwa, chupa ya maji ya uvuguvugu yenye hamira na sukari inayojaza puto lililovishwa mdomoni, na sahani ya maji yenye pilipili manga juu, ambayo ukiigusa katikati kwa kidole chenye sabuni pilipili yote hukimbilia ukingoni, naye husema, "Tazameni, inakimbia kama ninyi mkisikia kuoga!" Kabla ya kila jaribio kila mtoto alitakiwa aseme anafikiri nini kitatokea, akaandikwa ubaoni, na baada ya kuona, ilikuwa marufuku kumcheka aliyekosea, kwa kuwa aliyekosea ndiye aliyepewa jagi la kijani, akawa yeye wa kumimina maji katika jaribio linalofuata, wengine wakiwa nyuma yake wanamwangalia. Mimi nilishika jagi lile karibu kila siku, na kwa ujinga wangu wa utotoni nilidhani ni kwa sababu mimi ni wa nyumbani kwake.

Jumatano, tarehe 14 Julai 1999, alikuja mkaguzi wa elimu, mama mmoja mrefu mwenye miwani ya mnyororo, akiwa na barua kwamba wasio na cheti waondolewe madarasani, na sote wadogo tulihisi kuna jambo, kwa maana mwalimu mkuu alikuwa akifuta paji la uso na hakukuwa na joto. Mama mdogo alikuwa amepanga jaribio la yai, ambalo huzama katika maji matupu na huelea ukiongeza chumvi ya kutosha, akatuuliza, na darasa zima tukasema litazama, hata mkaguzi alipoulizwa alisema kwa mkato, "Litazama, ndiyo," isipokuwa mtoto mmoja mbishi, ambaye leo ni fundi bomba na amekaa pale nyuma anacheka, aliyesema litaelea. Likaelea. Mama mdogo alilitazama yai lile, nasi tukamtazama yeye, na angeweza kusema amesahau kwamba chumvi imo tayari, nani angejua, lakini alisema, "Watoto, na mimi nilidhani litazama. Nimekosea. Hebu tuone kwa nini," akalivunja kwenye bakuli.

Lilikuwa limeoza, na harufu iliyotoka sitaieleza mbele ya watu mliokaa karibu karibu hivi, niseme tu kwamba mwalimu mkuu alipita dirishani, na mkaguzi alitoka na leso puani akasimama uani pamoja nasi. Hapo nje mama mdogo akatuuliza kana kwamba hakuna kilichoharibika, mpaka tukafika wenyewe kwamba yai likikaa siku nyingi maji yake hupungua ndani, hewa huongezeka, likawa jepesi. Mimi, mwenye miaka mitano, nilikuwa nimelibeba jagi, na kwa kuwa kanuni ni kanuni nilimfuata yule mkaguzi nikamwambia, "Bibi, na wewe umekosea. Shika jagi." Mwalimu mkuu akafumba macho, na yule mama akalitazama jagi, akanitazama mimi, kisha akalichukua, akarudi ndani na kumimina maji mezani huku mama mdogo akisugua, wakaanza kucheka wote wawili mpaka miwani ikaanguka. Katika kitabu cha wageni aliandika kwamba mwalimu huyu amekosea mbele ya watoto na hakuwadanganya, abaki, na atafutiwe nafasi ya kusomea cheti, na kweli alikipata Novemba 2001, akiwa na miaka arobaini na minne, na tangu siku ile mtaa ukamwita Mama Yai.

Desemba 2007 matokeo yangu ya darasa la saba yalitoka na jina langu halikuwamo kwenye orodha ya waliochaguliwa, nikarudi nyumbani nikajifungia, naye hakugonga mlango wala hakunipa maneno ya kunifariji, alingoja hadi nilipotoka mwenyewe kutafuta maji ya kunywa, akaniambia, "Haya, shika jagi," tukajaza puto kwa hamira, mimi na miaka yangu kumi na mitatu, nalia na kucheka. Siku ile ndipo nilipoelewa kwa nini utotoni nilishika jagi sana, na sikuona aibu. Baadaye baba mdogo alinifundisha cherehani, na ndiyo ninayoiendesha hadi leo.

Kuugua kwake kulianza mwaka 2022, kwa kuvimba miguu na kuishiwa pumzi akipanda ngazi, ikabainika kuwa ni moyo, na Jumatatu, tarehe 22 Aprili 2024, alilazwa hospitali ya wilaya, wodi ya pili, kitanda cha dirishani. Wiki moja baadaye binti yangu alimpelekea glasi na pamba, wakapanda haragwe, na kama kawaida kila mtu akatakiwa kusema, muuguzi akasema litachipua siku ya nne, daktari akakataa kukisia, kisha akasema ya tano, naye mama mdogo akasema, "Mimi nasema jani la kwanza likifunguka nitakuwa nimesharudi nyumbani," na mjukuu wake akadakia, "Na mimi, na mimi!" Hapo hofu ikaniingia, kwa kuwa daktari alikuwa ameniita pembeni, nami nilijua mtoto wangu amesema jambo ambalo halitakuwa, na sikujua nitamwambiaje.

Jumatano, tarehe 8 Mei, majani mawili yalifunguka, mama mdogo alimwita mtoto kitandani wakanong'ona kwa muda mrefu, mimi nikiwa nimetumwa kuchemsha maji, na kesho yake, Alhamisi, saa tisa alasiri, siku kaka alipotimiza miaka arobaini na mitano, mama mdogo alikata roho, kaka akiwa amemshika mkono. Niliporudi nyumbani nilimkuta binti yangu kwenye bomba la uani akijaza jagi la kijani, nikapiga magoti mbele yake, na yeye ndiye aliyeuliza, "Bibi harudi, eti?" nikamuuliza nani kamwambia, akajibu, "Yeye mwenyewe. Alisema tumekosea wote wawili, nisione haya, yeye amechoka kushika, nishike mimi." Alilia sana, nami nikalia, lakini hakulia kama mtoto aliyedanganywa.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru daktari aliyekubali kukisia, na muuguzi aliyeihamisha glasi kila asubuhi ipate jua bila kuombwa, tunawashukuru majirani mliopika, mkafagia na kulala nasi, walimu wenzake wa chekechea, na fundi bomba, aliyelitengeneza bomba letu juzi wakati sisi hatukuwa hata na akili ya kuona kwamba linavuja. Ambao sikuwataja, yeye angewataja.

Nikimaliza kusoma, binti yangu atalipanda lile haragwe pembeni ya kaburi, na jagi liko hapa, limejaa. Mama, umetushikia vya kutosha, sasa tuachie, upumzike.